Udongo Juu ya Bati

Jumatano, 12 Februari
Leo tena. Mchana nimeingia sebuleni kuchukua chaja, nimetoka nimelowa jasho. Bati linalia ta, ta, ta kwa jua. Bibi yuko jikoni, kile kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Huko ndiko anakoshinda na ndiko anakolala. Nyumba ya vyumba vitatu, bati la bluu, masofa, halafu mwenyewe analala na masufuria! Aliyejenga ni kaka Faustini, yuko Arusha, hapa kijijini Nakwa anaonekana Krismasi na Pasaka tu. Krismasi iliyopita alibomoa tembe ya Bibi, nyumba yake ya zamani, eti inatia aibu. Paa lake lilikuwa la udongo. Jua likiwaka ndani kumepoa, baridi ikija ndani kuna joto. Hii ya bati mchana inakaanga, usiku inagandisha. Hakuuliza mtu.

Jumamosi, 15 Februari
Mama Eliya wa jirani kaja kuomba chumvi, kumbe kuchungulia. Kamkuta Bibi kajilaza kwenye mkeka jikoni. Jua halijazama kaka ameshapata habari. Kanipigia. "Bibi asipolala kwenye nyumba niliyomjengea, Pasaka namchukua aje akae kwangu Arusha."
Nikamwambia joto.
"Tafuta feni, dogo."
Feni! Umeme wenyewe wa kubahatisha. Na Bibi Arusha atafanya nini, atalinda geti? Ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Akienda nabaki na kuku. Sikubali.

Jumanne, 18 Februari
Feni nimeazima. Inachukua joto la kona hii inalipeleka kona ile. Bibi kakaa mbele yake kidogo tu, kanyanyuka.
"Mume wangu, hiki kitu kinanipumulia kama mgonjwa."
Mume wake ndiye mimi. Wajukuu wa kiume wote ni waume zake, ila kipenzi ni mmoja na kaka anamjua.

Jumamosi, 22 Februari
Nimepata jibu. Niliishia kidato cha pili, kichwa hakikuchoshwa na chaki, ndiyo maana bado kinafanya kazi. Paa la tembe si lilikuwa udongo? Udongo upo, rundo zima, pale pale kaka alipouangusha. Nimeupandisha juu ya bati kwa ndoo kutwa nzima. Nimesambaza, nimeshindilia kwa miguu. Bati la bluu limevaa koti.
Mama Eliya kachungulia uani. "Injinia! Ukimaliza panda na mahindi!"
Nimemwahidi debe la kwanza.

Jumatatu, 24 Februari
Ndani kumepoa. Bibi kalala chumbani kwake siku mbili mfululizo. Mwenye digrii aje aniulize.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Sitaki kuandika.
Naandika. Udongo umelowa, nusu umeteleza uani, nusu umebaki na kuwa mzito kama ng'ombe. Mbao mbili zimekatika. Bati limeachia, matope yameshuka chumbani kwa Bibi na kwenye masofa. Paa la tembe lilikuwa bapa, limebebwa na magogo manene kama paja langu. La kaka limeinama na limeshikwa na vijiti. Mimi nimekulia ndani ya tembe, nimesahauje magogo?
Bibi alikuwa ananiita. Nilikuwa sebuleni, hatua chache tu, sikumsikia. Mvua kwenye bati inaua kila sauti. Nimemkuta kajibanza kwenye kona, kitenge kimelowa chote. Hilo ndilo linaloniuma.
Amerudi jikoni. Mama Eliya hajacheka. Bora angecheka.

Alhamisi, 13 Machi
Kaka kafoka hadi simu ikapata moto. Pasaka Bibi anaondoka, hakuna mjadala.
Sawa. Mimi nimevunja mbao mbili. Yeye alivunja nyumba nzima na hakuna aliyemfokea.

Jumamosi, 29 Machi
Mbao nimebadilisha. Safari hii udongo unaingia ndani, chini ya bati. Nimelaza miti kutoka ukuta hadi ukuta, uzito ubebwe na kuta, siyo vijiti vya kaka. Juu ya miti matete. Nimeyakata ziwani, viboko wakinitazama kana kwamba nimewaibia. Juu ya matete udongo ule ule wa tembe, umekandwa na mavi ya ng'ombe. Bibi kaukanda mwenyewe kwa miguu, huku ananitukana.
"Tandaza nyembamba, mume wangu! Unataka kunizika?"
Mavi kaleta Mama Eliya, ndoo mbili, bila kuombwa. Mbea, lakini.
Chumba cha Bibi tu. Matete yameisha.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Kaka kafika na begi kubwa, tupu. La vitu vya Bibi. Shikamoo yangu kaiitikia akitazama paa. Asubuhi ilinyesha, mchana jua likatoka kali. Kaingia chumbani kwa Bibi kufungasha. Nikasubiri, hatoki. Nikaenda kuchungulia.
Amelala. Kitandani kwa Bibi, viatu miguuni, mdomo wazi, begi kalikumbatia.
Nilitaka kumwamsha nimcheke. Bibi kanizuia. "Mwache. Tangu Krismasi hajalala kwangu."
Kaamka alasiri, kaigusa dari kwa kidole. "Sebuleni utaweka lini?"
Basi. Samahani hakuna. Na tembe hajaitaja. Bado nina hasira naye, na ninaandika hapa ili nisisahau.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Kaka kaondoka asubuhi, peke yake. Begi limebaki, Bibi ametia maharage ya mbegu.
Jioni mvua. Niko sebuleni, bati linapiga kelele ile ile. Nimesogea mlangoni kwa Bibi, kaurudishia, nimeusukuma kidogo nikaingiza kichwa. Huko ndani mvua inasikika kwa mbali tu.
Anakoroma. Namsikia vizuri.