Ulezi Uliogoma Kuota

Jumatatu, 3 Februari
Chumvi, maji, swichi. Umeme wa sola unapita kwenye maji ya chumvi, mapovu yanapanda, saa nane nina ndoo ya klorini ya kuua vijidudu. Kikopo kimoja kwa tangi zima la kijiji, ndivyo nilivyofundishwa Songea mjini. Leo nimetia vitatu. Watu wanaharisha ng'ambo ya kijito, naogopa. Sikupima ukali wake. Bora kuzidisha.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa. Shangazi Agneta, aliyenilea, Jumatatu jioni aliloweka ulezi wa kimea kwa maji ya tangi. Pombe ya kipaimara cha mjukuu wake. Hadi leo haijaota hata punje moja. Amepita na ungo wa ulezi huo nyumba kwa nyumba, akiuliza: maji yanayoua mbegu yatatuacha sisi? Nimesikia, nikanyamaza. Niseme nilikosea, baada ya kujigamba kwenye mkutano wa kijiji kwamba maji yangu ni salama? Thubutu.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa hakuna aliyenisogelea. Bombani hakuna ndoo. Wote wamerudi kijitoni. Nimemwaga tangi, nimejaza upya, kikopo kimoja, nimepima. Sawa kabisa. Maji mazuri, mnywaji hakuna. Nina hasira nao. Hapana. Nina hasira na mimi.

Jumanne, 11 Februari
Shangazi kaletwa zahanati kwa bodaboda. Anaharisha maji matupu, macho yamezama ndani. Mshipa wa kutundikia dripu hauonekani. Mganga kauhangaikia, mimi nimeshika taa. Mungu wangu, namuua kwa kiburi.

Jumatano, 12 Februari
Dripu imeingia, amekojoa! Nimelia kwa furaha ya mkojo, jamani. Nikamwambia kabla ujasiri haujaniishia: vikopo vitatu, ni mimi, sikupima. Akaniambia:
"Ungesema Ijumaa, mwanangu, nisingekwenda kijitoni."
Basi.

Jumamosi, 15 Februari
Nimesimama bombani, nimewaambia wanawake wote. Wengine wamecheka, wengine wamenisonya. Nimestahili. Shangazi, bado mdhaifu, alisogea bombani. Alikinga maji, akanusa, akanywa kata nzima huku wakimtazama. Kisha akajaza ndoo. Wakapanga foleni nyuma yake.
Ulezi mpya ameuloweka kwa maji ya mvua. Sikumuuliza.