Sauti Iliyomkataza Mama Kuzima Kompyuta

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimeanza kukuachia usingizi. Sisi miili haijambo. Watoto wanaendelea vizuri, ila huyu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anataka kubishana na kila mtu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nawe unajijua. Mama ameniambia umemtaka aiache kompyuta uliyomnunulia, eti umri umeanza kumchezea akili. Tangu siku hiyo anaandika vipimo vya wateja kwenye daftari na hataki hata kukutaja. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia neno jingine.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mama alikuwa mtandaoni akitafuta mitindo ya kola za sare za shule, mara kioo chote kikawa chekundu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba kompyuta imeingiwa na virusi, asiizime, asifunge ukurasa, apige namba anayoiona. Akapiga. Bwana mmoja mpole akamwelekeza kuweka programu fulani, ati amtengenezee mashine kutoka hukohuko aliko. Chai ya mama ilikuwa haijapoa, vipimo na michoro ya miaka kumi na moja ikawa imefungwa kwa neno la siri asilolijua.

Nikampeleka fundi wa kompyuta kwenye chumba cha kushonea. Huyo fundi kwa maneno hajambo! Alisema vilivyofungwa havifunguki tena, kisha akatueleza kwamba hapakuwa na kirusi hata kimoja. Ule ni ukurasa wa kivinjari tu, kama tangazo lolote. Unaufunga, ukigoma, unafunga kivinjari chenyewe, kikigoma nacho, unazima mashine, basi. Namba usipige kamwe. Ili tuamini, akaufungua ukurasa uleule kwenye kompyuta yake ya majaribio.

King'ora kikalia, kisha ikaja ile sauti. Kaka, nilijikuta nimekaa juu ya marobota ya vitambaa. Ilikuwa sauti yangu.

Fundi hakugundua kitu, alikuwa anacheka. Mama alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kushona bila kuinua macho.

Mwaka juzi, nilipokuwa msoma matangazo pale supamaketi, jamaa mmoja mwenye studio aliniomba nimsomee sentensi nane. Alisema ni za kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Nilimwuliza kwa nini mtu akatazwe kuzima mashine yake mwenyewe. Akacheka, akataka nisome kwa hofu zaidi, kama vile nyumba inaungua. Hofu nikaipata. Nilitumia ile sauti ya mama, aliyokuwa akitupigia nayo kelele tusiguse pasi ya moto. Jamaa alinisifu sana, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Na hilo si baya kuliko yote. Miezi mitatu iliyopita niliisikia ofisini, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa meza ya pili. Alichomoa waya akacheka, na wote wakacheka. Mimi nilikwenda kujifungia chooni. Sikumwambia mtu, hata mama, kwa aibu. Ningemwonya siku ile, leo angekuwa na kazi yake yote.

Jana nilimwendea kuungama. Hakuniacha nimalize. Alisema aliijua sauti yangu tangu neno la kwanza, na ndiyo maana hakuzima: mwanawe alikuwa amemwambia asiguse, naye hakugusa. Akaniomba nisikueleze wewe, kwani ni afadhali udhani yeye amezeeka kuliko ujue mimi nimefanya nini.

Akili ya mama ni nzima, kaka. Aliniamini tu. Mpigie leo umwombe radhi, na mimi unigombeze kadiri utakavyo.

Msalimie sana wifi, na wanangu wa huko uwabusu mmojammoja. Hapa kila mtu anakukumbuka, hata aliyekununia.

Ni mimi mdogo wako, ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina,

Kasuku