Breki za Lori la Wusi

Wusi,
Jumanne, 7 Juni 1955

Shemeji Mwanzia,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mama hajambo, mimi sijambo, na mkeo Wakesho anakula kama mtu aliyetoka jela. Binti yako Nduku ana mapafu ya Kikamba kweli kweli. Akilia, Mwatate wanasikia. Je, joto la Voi limekuachia nyama yoyote mwilini?

Barua yako nimeiona. Hii ni mara ya tatu unauliza utaletewa lini mtoto, utadhani nimekuibia. Tulia, bwana. Mama amesema binti aliyekuja kujifungulia kwao harudishwi kwa mumewe na basi la watu. Ndugu yake ndiye humfikisha mpaka mlangoni. Kwa hiyo nawaleta mwenyewe Jumamosi hii, wao mbele pamoja nami, kabeji nyuma. Josphat, yule niliyenunua naye lori, atapumzika siku hiyo.

Sasa usicheke. Breki zilikuwa zimelegea, nikazifungua mwenyewe. Ndiyo, mimi! Gereji yenu ingeliweka lori wiki mbili, kabeji zikaoza. Kwani mwaka jana giaboksi si niliifungua? Nati mbili zilibaki mkononi na lori likaenda, ingawa Josphat ananicheka mpaka leo mbele za watu. Safari hii hakuna kilichobaki. Nilitoa zile raba ndogo za ndani ya silinda, zimejaa uchafu, nikazilaza kwenye mafuta ya taa kutwa nzima mpaka zikang'aa, kisha nikazirudisha. Nimelijaribu jana pale uwanja wa kanisa. Linasimama kama punda aliyegoma! Nimemwambia Josphat kwamba hata shemeji yangu fundi atavua kofia.

Bandika chai.

Shemeji yako,
Obadiah


Voi,
Alhamisi, 9 Juni 1955

Shemeji Obadiah,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi mzima, lakini niliposoma barua yako niliacha spana chini nikatafuta kalamu. Barua hii namkabidhi dereva wa basi, naye ameniapia ataitia mkononi mwako kesho.

Wakesho na mtoto wasipande lori hilo. Nasema tena, wasipande.

Raba ya breki haioshwi kwa mafuta ya taa. Taa unaosha hivyo, mnyororo wa baiskeli unaosha hivyo, lakini raba huyanywa yale mafuta ikavimba. Siku ya kwanza breki zinauma vizuri, unajiona fundi. Siku chache baadaye zinaanza kushika zenyewe, magurudumu yanachemka, halafu pedeli inazama mpaka chini na hupati kitu. Uwanja wa kanisa ni tambarare, Obadiah. Mteremko wenu si tambarare.

Watu hudhani kazi ngumu ya gari ni ile nzito. Injini ni nzito, lakini ukiikosea gari halitawaka, utakaa nyumbani ukilitukana. Hata giaboksi yako ile ukiikosea litakataa kwenda. Breki ukizikosea gari linawaka vizuri, linakwenda vizuri, na wewe unaimba. Ndiyo maana mimi mwenyewe, miaka yote hii gerejini, breki sizifungi bila mwenzangu kuzikagua.

Ningepanda huko leo, lakini bosi ananipeleka Tsavo kuvuta gari lililokwama, na kurudi ni Jumamosi. Najua wewe ni mtu wa haya. Kama unaona vibaya mbele za watu, sema lolote, sema mtoto ana mafua na upepo wa lori utamdhuru. Washuke kwa miguu mpaka Mwatate, wapande basi. Mama atanisamehe.

Nakusihi.

Shemeji yako,
Mwanzia


Voi,
Jumapili, 12 Juni 1955

Shemeji Obadiah,

Wamefika. Ahsante, ahsante sana. Nimembeba Nduku mpaka mikono ikafa ganzi. Pua ni yangu, hilo halina ubishi.

Barua hii nilitaka iwe ya shukrani tu. Lakini tulipokuwa tunakula, Wakesho akanieleza mlivyoshuka. Anasema pale njia ya miguu inapokata barabara, lori liliwapita. Josphat alikuwa usukani, kabeji zimejaa, akapiga honi na kuwapungia mkono. Anasema ulinusa hewa, ukapiga kelele, na mlipofika Mwatate uliwasukuma ndani ya basi ukarudi mbio hata bila kuaga.

Lori lilikuwa linafanya nini barabarani? Josphat ulimwambia au hukumwambia?

Wakesho ananiuliza mbona sili. Sijui nimwambie nini. Nijibu leo leo.

Mwanzia


Wusi,
Jumanne, 14 Juni 1955

Shemeji Mwanzia,

Salamu. Nafurahi wamefika salama.

Josphat tumemzika jana.

Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Nilikasirika kwanza, kisha nikaogopa. Asubuhi nikasema kama ulivyonifundisha, kwamba mtoto ana mafua. Mama akanuna lakini akakubali. Josphat alikuwa hapo, na wapakiaji, na kabeji tayari zimepakiwa. Akasema, "Basi wewe tembea na dada, mimi nitazipeleka kabeji niiwahi treni ya Voi." Nikafungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema. Halafu akacheka, akasema, "Leo nitazionja hizo breki za fundi," na wapakiaji wote wakacheka. Mwanzia, haya ikanishika. Nikamwambia, "Shuka polepole." Hayo tu.

Alipotupita nilisikia harufu ya breki zinaungua. Nilipiga kelele, akadhani namsalimu.

Lilikwenda bondeni kwenye kona ya tatu. Hakuwa na mtu mwingine, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimkuta bado ana joto.

Sasa watu wanasema alikuwa amelewa. Eti Ijumaa alionekana penye pombe ya miwa. Mkewe, Mkamburi, anasikia hayo kisimani. Wazee wa kanisa walimzika kwa sala fupi, bila kwaya. Mimi nilisimama hapo nimeshika sepetu.

Anayejua habari za raba ni mimi na wewe peke yetu. Nakuomba, iishie kwetu. Aliyekufa hatarudi, nami nina mama wa kumlisha. Hata Wakesho usimwambie.

Mimi,
Obadiah


Voi,
Jumatano, 15 Juni 1955

Obadiah,

Nimesoma barua yako nimekaa chini ya gari la watu, na sikuweza kutoka.

Wakesho nimeshamwambia. Hakulia mbele yangu. Alimchukua mtoto akaingia ndani akafunga mlango.

Siwezi kukaa kimya. Mtu amekufa kwa breki zako, na sasa unamwacha afe tena kwa ulevi ambao hakuwa nao. Lakini sikuandikii kama hakimu. Mafua ya mtoto niliyatunga mimi. Nilikuwa na mteremko mzima kichwani, na ndani ya lori nikawaona wawili tu, walio wangu. Ningeandika maneno mawili zaidi, "lisiguswe kabisa," Josphat angekuwa anakucheka mpaka leo.

Nakuja Jumamosi. Tutakwenda kwa Mkamburi sote wawili. Ningoje.

Shemeji yako,
Mwanzia


Wusi,
Ijumaa, 17 Juni 1955

Shemeji Mwanzia,

Salamu kwako, kwa dada yangu kama bado anazipokea, na kwa mtoto.

Sikukungoja. Leo asubuhi wanawake walikuwa wanapita njiani wakimwimbia Mkamburi wimbo wa mlevi, na yeye anapura maharagwe uani bila kuinua kichwa. Nilishindwa. Nikaingia, nikakaa chini penye maganda, nikamwambia yote. Mafuta ya taa, barua, mafua, na vile Josphat alivyocheka.

Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Ungemwambia ashuke kwenye lori, angeshuka?"

Nikasema, "Angeshuka."

Akapura maharagwe kwa muda mrefu. Kisha akasema Jumapili nitasimama kanisani baada ya somo la pili, niyaseme hayo hayo, nisipunguze neno, na kwaya iimbe wimbo ambao Josphat hakuimbiwa. Nimekubali. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini nimekubali.

Nilipoinuka akaniuliza huyo fundi wa Voi, aliyejua, aliandika nini. Nikamwambia uliandika mke wako na mtoto wako wasipande.

Akauliza, "Na mume wangu alimtaja?"

Nikasema hapana.

Anasema ukifika kesho usipite kwetu kwanza. Ameshakuwekea kigoda uani kwake.

Shemeji yako,
Obadiah