Lori la Pareto Limekuja Bila Wewe

Bweni la Pili,
Nakuru,
Juni 1957

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Baba na wadogo zangu wote. Natumaini baridi ya Molo haijakurudishia maumivu ya goti, na kwamba yule ng'ombe mweupe amezaa salama. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Namsalimu pia Mzee Naftaly, mwinjilisti wetu, maana najua ndiye anayekusomea. Mzee, samahani sana, barua hii nakuomba umsomee Mama ndani ya nyumba, si pale nje ya kanisa mbele ya watu.

Mama, sasa ni Jumamosi mbili lori la pareto linafika mjini bila wewe. Dereva Kemboi alipita hapa getini akaniambia kwamba siku ile uliponitembelea, ulirudi ukiwa kimya mpaka Njoro. Mliposimama hapo ukasema kwamba mtoto wako amesoma mpaka anaona haya kushikwa na mama yake. Tangu aniambie hivyo nafungua kitabu na sioni kilichoandikwa. Si kweli, Mama. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Unajua nyumbani nilikuwa napiga chafya wakati wa kuchuma maua ya pareto, na mkasema ni vumbi tu. Mwaka huu tulipopelekwa kuchuma katika shamba la shule, macho yalivimba yakafunga, ngozi ikatoka mabaka, na koo likabana hata sikuweza kuita mtu. Wenzangu walinibeba mpaka dispensari. Nesi Mugure alinichoma sindano, akakaa nami mpaka pumzi ikarudi. Alisema kuna watu ambao mwili wao unakataa kitu kimoja kisichomdhuru mtu mwingine, na kwamba mimi nakataa pareto. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa ungekuja kunichukua nyumbani.

Tangu hapo vidonge vyangu vinakaa katika kabati la dispensari, chini ya kufuli, pamoja na dawa za wasichana wengine. Hapa hakuna anayeruhusiwa kuweka dawa kitandani, hata ile mizizi uliyonifungia ilichukuliwa. Kila asubuhi baada ya uji tunapanga mstari, tunameza mbele ya Nesi, kisha tunainua ulimi aone kama kweli tumemeza. Wengine wakienda shamba, mimi napangusa vitabu vya maktaba. Wachuka, tunayelala naye kitanda kwa kitanda, ananiita Bibi Arusi, eti maua yakiniona tu mimi nazimia. Wengine walisema najifanya mgonjwa ili nisome. Kusoma nilisoma, hilo sikatai.

Lakini ugonjwa ulirudi, na kila mara ulirudi jioni ya siku uliyonitembelea. Mwalimu mkuu alishuku mursik yako, yale maziwa ya kibuyu unayoniletea. Akakataza kibuyu kisiingie tena shuleni. Wachuka alilia kuliko mimi, akamwambia Nesi kwamba yeye ndiye aliyekunywa karibu yote na hajavimba hata kidole. Basi mwalimu mkuu akaona kwamba ni huzuni ya kuachana nawe inayonipandisha pumzi. Akasema ni afadhali usije tena mpaka shule ifunge mwezi wa Desemba.

Nesi Mugure ndiye aliyeomba tujaribu mara moja kwanza. Alikuwa ameona kwamba mabaka huanzia shavu la kushoto na shingoni, pale unaponilaza kichwa kifuani mwako. Aliniambia nikae nawe siku nzima, tuzungumze, ila nisikuguse, na nikueleze sababu mara tu ukifika. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Kisha nikakuona unakuja mbio kutoka barabarani, kitambaa chako kipya kichwani, na wazazi wa watu wote wanatazama, na maneno yakaniishia. Ulipofungua mikono nikarudi nyuma. Nilikuona uso ulivyobadilika, Mama. Ulikaa kwenye benchi mbali nami, ukaniuliza habari za masomo kama unavyomuuliza mtoto wa jirani.

Jioni ile sikuvimba. Nililala mzima, na nililia mzima.

Siku iliyofuata Nesi aliniuliza unasafiri na nini kutoka Molo. Nikamwambia unapanda lori linaloleta pareto iliyokaushwa hapa kiwandani, na kwamba unakaa juu ya magunia kwa sababu mbele wanakaa karani na dereva. Aliweka kalamu chini. Basi ni hilo, Mama. Si wewe. Ni vumbi la magunia linaloingia katika sweta na kitambaa chako, na unakuja nalo bila kujua.

Kuna jambo ambalo sikumwambia Nesi, nakwambia wewe peke yako, na Mzee Naftaly kwa kuwa hakuna njia nyingine. Usiku nikikukumbuka, ninachokumbuka kwanza ni harufu yako. Na harufu hiyo ni ya pareto. Nimekuwa nikiitamani hapa tangu darasa la tano.

Mwalimu mkuu ametukubalia Jumamosi moja tu, ya tarehe ishirini na tisa. Nikivimba siku hiyo, hatutaonana mpaka Desemba. Tafadhali panda lori kama kawaida. Ukishuka usije getini, zunguka mpaka nyumba ya Nesi Mugure nyuma ya dispensari. Atakuwa na maji ya moto na gauni lake la kukuazima. Nguo zako utaziacha nje, na nywele uoshe pia. Nitakuwa nakuona kupitia dirisha la maktaba, lakini sitatoka mpaka Nesi aniite. Usifikiri sikutaki.

Utakuwa unanukia sabuni ya dispensari kama sisi wote. Haidhuru. Nitakujua.

Mwambie Baba namkumbuka katika sala, na wadogo zangu wasigombane juu ya barua hii, stempu ni ya Kipsang. Mungu akulinde juu ya magunia hayo, na akushushe salama.

Ni mimi binti yako anayekungoja,
Jeruto