X Nyekundu Kwenye Mininga

Mazingara, Handeni

Kaka Dominiko, shikamoo.

Huku hatujambo. Mbuzi wako amezaa mapacha. Mama anauliza kama mmeshapata chumba hapo Mkumbara tangu nyumba yenu ivunjwe kupisha barabara.

Kile cheti cha kuthibitisha kuwa msitu wa kijiji unavunwa kwa utunzaji tumekikosa. Nakuambia mimi, usije ukasikia kwa watu. Wakaguzi wa cheti walipaka X nyekundu kwenye mininga mikubwa, wakaondoka bila maelezo. Baba, kama mwenyekiti wa kamati ya msitu, akakusanya watu, wakaiangusha yote. Kumbe ile ndiyo ilikuwa miti ya mbegu, haitakiwi kuguswa! Sasa yule mnunuzi wa mbao anayetaka cheti ametukataa.

Wakaguzi waliporudi wakamfokea Baba mbele ya watu. Akawajibu taratibu, "Nyumba ya mwanangu iliwekwa X hiyohiyo. Nilikwenda kumsaidia kutoa vyombo."

Jana walikuja na rangi ya bluu. Kabla hawajafungua kopo, Baba akasimama mbele ya mninga mchanga, akauliza, "Hii ya leo ni ya kuishi au ya kufa?"

Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Getruda