Kwa Baba, Aliyetaka Kujua Nimeona Nini

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimefumba jicho moja. Nalifumba la kulia, natazama kalenda ukutani kwa la kushoto, kisha nabadilisha. Nafanya hivi kila asubuhi kabla sijaongea na mtu. Ninaogopa, Baba, na nimeona nikuambie wewe, kwa sababu wewe peke yako hutaniambia nisiogope.

Wanaosoma barua hii hawakukujua. Wacha niwaambie kwamba ulikuwa fundi wa nguo pale Kabati, na kibaraza cha duka la jirani ndicho kilichokuwa mahali pako pa kazi. Ulishona yunifomu za nusu ya watoto wa soko lile. Ulinipa jina la mama yako mzazi, kwa hiyo hukuniita mwanangu hata siku moja. Uliniita Mwaitu, mama yangu, na wateja wageni walicheka kusikia mwanaume mzima akimwita mtoto wa shule ya msingi mama.

Macho yako yalianza kuondoka kwa pembeni. Ulikuwa ukigonga bega kwenye fremu ya mlango na kuulaumu mlango. Siku moja baiskeli ilikuangusha mbele ya duka, na mwenyewe akafoka, "Kwani huoni?" akaapa kwamba alipiga kengele. Kengele uliisikia. Baiskeli ndiyo hukuiona. Baadaye nikawa nakutungia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shule, na ulipofikishwa kwa daktari ulikuwa umebakiwa na mwanga mdogo tu, kama ule unaopita chini ya mlango uliofungwa. Mama akajifunza cherehani. Wewe ukawa unakaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, ukinisubiri nitoke shule.

Sikuwa nimetua mkoba na tayari umeuliza, "Mwaitu, leo umeona nini?"

Mara ya kwanza nilikujibu tu, "Nimeona ng'ombe."

"Ng'ombe nimemsikia mwenyewe. Nipe kile ambacho masikio hayakunipa."

Ndipo nikaanza kutazama. Nikakuletea kuku aliyechomoza kichwa kwenye kiondo cha mama fulani na kuwaangalia watu kama diwani. Nikakuletea mwanamke aliyefunga kitambaa cha njano juu ya kingine chekundu. Nikakuletea tone la maji lililoning'inia mdomoni mwa mtungi likakataa kuanguka. Ulirudia kila kitu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja chumvi, kisha ukasema, "Twashukuru." Basi. Kanisani watu waliomba mvua, wakaomba uponyaji na karo. Wewe ulimshukuru Mungu kwa kitambaa cha njano. Mama alikutania kwamba Mungu atachoka na shukrani za vitambaa, nawe ukamjibu, "Amechoka na maombi. Mwache apumzikie hapa kwangu."

Nilikua nikiamini kwamba hukuwa na woga hata kidogo. Ulipofariki, mzee wa kanisa alisema hivyo hivyo kaburini, na sote tukaitikia.

Sasa nikuambie yaliyonipata.

Unajua nilihamia Makueni kufundisha. Shule yangu haiko mbali na soko la Kiboko, na Ijumaa mimi hushuka barabarani kununua matunda. Siku hiyo nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona lami tupu. Nikaingia. Mkono ukanikamata sweta kwa nyuma ukanivuta hadi nikakaa chini kwenye changarawe, na lori likapita mahali nilipokuwa. Upepo wake ulinivua kitambaa cha kichwa. Alikuwa mama muuza machungwa. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

"Mwalimu! Kwani huoni? Lori lote hilo?"

Kwani huoni. Baba, hayo ndiyo maneno aliyokuambia yule mtu wa baiskeli. Nilimwambia yule mama kwamba nilikuwa nawaza mambo ya shule. Nilimshukuru, nikabeba machungwa, nikaenda nyumbani.

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Darasani nikagundua kwamba safu ya kushoto ilikuwa imekuwa kimya. Haikuwa kimya. Msichana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nimeinua mkono kitambo, wewe unaniruka tu." Nilimwomba radhi, nikageuza shingo yote ndipo nikamwona, na mkono wake, na wenzake wawili nyuma yake wenye mikono juu. Nikawapa nafasi ya kujibu, mmoja mmoja.

Mwishowe nilienda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliniweka kidevu kwenye mashine na kunipa kitufe, nikibonyeze kila nikiona nukta ya mwanga. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo sikubonyeza kitu, na katika vipindi hivyo nilimsikia akipumua karibu yangu, nikajua kwamba nukta zinapita.

"Kuna mtu wa familia aliyepoteza macho?" akaniuliza.

"Baba yangu."

Aliandika kitu kwenye faili. Kisha akanieleza kwamba ni presha ya macho, kwamba inafinya mshipa wa jicho polepole bila maumivu, na kwamba hutembea katika damu ya familia. "Kilichoenda hakirudi," akasema. "Lakini umekuja ukiwa bado na kingi. Hicho ndicho tutakilinda."

Ungefikiri mtu aliyelelewa nawe angejua la kufanya. Nilianza kutazama, ndiyo, lakini nilitazama kama mtu anayeokoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Nilikodolea macho punje za mahindi ya muthokoi kwenye sahani. Nilikodolea uso wa Mwende, binti yangu, mpaka akaniuliza kama ana uchafu. Niliangalia mwanga wa jioni juu ya mabati nikataka kusema twashukuru, na neno likakataa. Kila nilichokitaja nilikiona kikichukuliwa. Kushukuru kukawa kama kumwonyesha mwizi mahali vitu vilipo. Nikaacha. Nikawa natembea nikitazama chini.

Nilipoenda Kabati kumwona Mama, alinikamata siku hiyo hiyo. Alinisukumia kikombe cha chai upande wa kushoto akanitazama nikikitafuta. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akafunika uso na viganja, halafu akavitoa.

"Umeanza lini?"

Nikamweleza yote, na lori pia. Nikamwambia kwamba ninaona aibu, kwamba Baba alilibeba jambo hili akitabasamu na mimi siwezi hata kulala.

"Nani alikuambia alitabasamu?" Mama akasema. "Baba yako alikuwa akiogopa kila siku inayoisha. Jua likianza kushuka, mikono yake inakuwa baridi. Alikuwa anaogopa kwamba atasahau. Aliniambia rangi zinamponyoka, hakumbuki tena njano ikoje. Ndiyo maana alikungoja wewe. Hakukuuliza kwa sababu ana amani, mwanangu. Alikuuliza ili apite jioni."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, Baba. Mwanzoni yaliniumiza. Nilikupoteza mara ya pili, wewe shujaa wangu wa kigodani. Lakini polepole nilianza kukuona upya: mtu anayetetemeka, ameshika mikono yake katikati ya magoti, na bado anasema twashukuru. Nilikuwa nasubiri woga uondoke ndipo nishukuru. Wewe ulishukuru ukiwa nao.

Nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Usiku ule wa bandeji sitausimulia. Asubuhi daktari alipoitoa niliona ukungu mweupe, na ndani ya ukungu kitu cheusi kikisogea. Nilidhani ndio mwisho. Kile cheusi kikawa nywele zake. Kisha kikawa na uso. Akapima, akapima tena, akasema presha imeshuka. Ukungu ulichukua wiki kadhaa kuisha. Upande ule uliopotea bado haupo na hautarudi. Natia dawa ya matone asubuhi na jioni, na nitatia maisha yangu yote.

Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo sikuthubutu kuliwaza. Daktari ndiye aliyelisema: "Mlete binti."

Nilimleta. Mwende, wa gredi ya tatu, alifurahia mashine ile kama mchezo wa simu. Nilikaa kwenye benchi nyuma yake, mume wangu amenishika kiwiko, na nikasikiliza kile kitufe. Kila kikilia niliweza kuvuta pumzi. Kila kikinyamaza sikuvuta. Baba, sijawahi kuogopa namna hiyo kwa ajili ya macho yangu mwenyewe. Nilijaribu kutafuta kitu cha kushukuru katika chumba kile, nikapata utepe wa bluu kwenye nywele zake, uliofungwa vibaya kwa sababu alijifunga mwenyewe. Nikaushika huo. Nikasema neno lako ndani ya kinywa, bila sauti.

Macho yake ni mazima. Kwa sasa, daktari akasema. Arudi kila mwaka. Kwa hiyo kila mwaka nitakaa kwenye benchi lile.

Bado naogopa. Sitaki kukudanganya kwamba barua hii inamaliza woga. Leo asubuhi, nimeshafumba jicho hili na lile, nimeshatia matone, Mwende akapiga kikombe kwa kiwiko chai ikamwagika mezani. Niliitazama ikikimbia. Ilifuata mstari wa ubao, ikapinda penye fundo la mti, ikafika ukingoni ikavimba, na mvuke mwembamba ukapanda juu yake katika mwanga wa dirishani. Niliona yote, kwa macho yote mawili. Mwende alikuwa amenikazia macho akisubiri nipaze sauti.

Nikashukuru kwanza. Kisha nikamkemea.

Pumzika, Baba. Jioni zangu nazipita.

Ni mimi binti yako,
uliyeniita mama yako.