Kuuza Mbona Hivi

Jumatatu, 3 Mei 1954
Nimezungusha mashine ya kuchapia tangu asubuhi. Bega linalia kama bawaba. Habari kuu: kwa nini radi humulika kwanza ndipo ingurume. Mwalimu Elikana kaandika kisomi mno, hata mimi mwenye gazeti sijaelewa. Nimechomeka langu: ni kama mke wangu, jicho hutangulia, sauti hufuata. Mwalimu atanuna. Na anune.

Karatasi imebaki bunda moja. Ikiisha, Mbona Hivi limekufa. Miaka sita tunawaeleza watu mambo ya dunia, na kijiji kizima hununua nakala moja.

Alhamisi, 6 Mei
Aibu. Nakala zisizouzika Makambako hazikurudi. Wakala wetu kampa Mkinga mmoja mwenye duka, Sanga, anafungia chumvi. Habari yangu ya kupatwa kwa mwezi imefungiwa chumvi! Sikula mchana. Uongo, nilikula kidogo.

Jumamosi, 8 Mei
Sanga kaja mwenyewe Njombe. Koti jipya, kofia mkononi. "Kamwene, baba." Nikaitikia kwa shingo upande.

Anataka kununua gazeti. Jina, mashine, vyote. Anasema wateja wake sasa wanakataa karatasi tupu. Mama mmoja alirudisha pakiti. Chumvi haina kosa, ila mwezi wake ulikatikia katikati, anataka kujua ulitokaje. Sanga anataka ukurasa mmoja kila wiki, swali na jibu, jina la duka chini. Mwalimu ahamie Makambako akaandike.

Na mimi je? "Wewe, baba, pumzika."

Nimemwambia akapumzike yeye.

Jumapili, 9 Mei
Mwalimu hakuimba kanisani. Baada ya ibada kaniambia, "Mzee, elimu si kifungio." Tukakubaliana: hatuuzi. Tukanywa chai kama washindi. Kisha nikalitazama lile bunda. Halikuwa limeongezeka.

Jumatano, 12 Mei
Nimepanda lori mpaka Makambako bila kumwambia mtu. Nikakaa benchi la nje ya duka la Sanga, kofia machoni, kama mlevi.

Mama kafika na mtoto mgongoni. Kapokea chumvi, kaimimina yote kwenye pindo la kanga, kainyoosha karatasi, kampa utingo wa lori. "Hebu nisomee." Ni toleo letu jipya, halijamaliza hata siku kumi! Utingo kasoma kwa kukwama kwama. Watu wakasogea. Alipofika kwenye jicho la mke wangu, wakacheka. Wakabishana. Mzee mmoja kasema mwandishi mwongo huyo, mwanga na sauti ni pacha. Yule mama kamkatiza: "Hujamwona mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde? Shoka limeshatua, mlio bado uko njiani."

Sikuwahi kuliwaza hilo. Zuri kuliko langu. Nimeona wivu. Machozi yakanitoka pia. Makambako kuna upepo.

Alhamisi, 13 Mei
Nimemweleza Mwalimu: tuuze. Kaweka kalamu chini.

"Mzee, umeniuza pamoja na chumvi."

"Chumvi haiozi, Mwalimu."

Hakucheka. Nilijiona mjinga. Nikamsimulia habari ya mama yule na shoka lake, polepole, bila mzaha. Kauliza kama mama yule huja dukani kila wiki. Nikajua amekubali. Ana sharti moja: Sanga asiguse maneno. Nimeligongea meza sharti hilo.

Kwenda naye siwezi. Shamba liko hapa, mke yuko hapa, magoti yangu yameshagoma. Nampenda kijana huyu. Sijamwambia, namtania tu.

Jumatatu, 17 Mei
Nimetia sahihi. Sharti limeandikwa. Sanga katia yake bila kubisha, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilitaka kumchukia, nimeshindwa.

Mashine imepakiwa. Mwalimu kaketi juu kabisa ya mizigo, kajifunika blanketi. Lori lilipoondoka kapiga kelele, "Baki salama, baba!" Miaka yote ni mzee, mzee. Leo baba.

Chumba kinanuka wino. Nimefagia mara mbili.

Jumanne, 18 Mei
Mke wangu hajawahi kutuletea swali. Leo anasonga ugali, kauliza kwa nini moshi humfuata yeye tu. Akihama, nao unahama.

Mzaha ukanijia mdomoni. Nikaumeza. Nikamwambia sijui.

Nimesogeza kigoda upande wake. Tumekaa tunautazama.